Vita Tulivyovitaka Sote

Jumamosi, 7 Machi

Tunapigana!

Watu wa ng'ambo ya handaki la mpakani wamemuua nguruwe jike wa Mjomba Tukaya, yule mweusi mwenye mimba. Wamemchoma, wamemla, na kichwa wamekitundika mtini kikitutazama. Eti alikula viazi vyao. Nguruwe gani asiyekula viazi?

Wanaume wote tulijaa uwanjani, kama mia mbili hivi. Mjomba akasimama kwanza, ndiye mkubwa wetu. Akasema kwa ile sauti yake ya chini: tungoje mahakama ya kijiji siku ya Jumatano, nguruwe hufugwa mwingine, mtu hafugwi. Watu wakaguna. Ekeya — mdomo wake huyo haujui likizo — akasema mzee kachoka, akapumzike.

Ndipo nikainuka mimi. Ujasiri sijui niliutoa wapi. Nikasema mwanamume anayeliwa nguruwe wake akakimbilia kushtaki, na avae sketi ya nyasi aje amsaidie mke wangu kupalilia. Wacha watu wacheke! Kisha upinde mmoja ukagongwa kwa mshale, ukafuata wa pili, mara uwanja mzima, ta-ta-ta, twende, twende. Sikumwona hata mmoja aliyenyamaza. Wakamzunguka Mjomba: nguruwe wako, mzee, basi toa neno. Akanitazama mimi kwanza. Halafu akasema, "Haya. Twendeni."

Mimi, mwalimu wa darasa la nne, ndiye niliyewasha moto! Wanili anasema nimesikika hadi bustanini, na kwamba yeye msaidizi wa kupalilia hajaomba. Wanawake bwana. Nimecheka peke yangu hadi sasa.

Jumapili, 8 Machi

Shule imefungwa. Nimejipaka udongo mwekundu usoni, na wa njano puani. Wanafunzi wangu hawakunitambua! Watobani wa bonde la juu wamekubali kutusaidia, wamekuja sitini, na bunduki mbili za kujitengenezea. Ekeya kanikumbatia mbele za watu. Kasema kumbe chaki nayo ina damu.

Jumatano, 11 Machi

Tumewasukuma hadi nyuma ya handaki lao la pili! Mshale umepita hapa, sikioni kabisa, nimeusikia ukilia. Nyumba nne tumechoma. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Leo ndiyo ile siku ambayo mahakama ingekaa. Hakuna aliyekumbuka.

Ijumaa, 20 Machi

Hubi amekufa. Mtobani yule mcheshi, jana tu alikula viazi kwangu akamtania Wanili kwamba vina mawe. Risasi ya tumboni.

Watobani wamembeba kwenye machela. Hawakulia kwanza. Walisimama njia panda wakauliza: vita hivi ni vya nani, tumlaze uwanjani kwa nani? Ndiyo desturi, hata mtoto anaijua. Rafiki akifia vita visivyo vyake, fidia humwangukia mtu mmoja, shina la vita. Si ukoo. Ni mtu. Asipotajwa mtu, rafiki anageuka adui kabla jua halijazama.

Tukatazamana. Ekeya akanyoosha kidole kwenye lango la Mjomba. Wakamlaza Hubi pale. Mjomba alitoka, akaiangalia maiti, akaenda kuleta mkeka.

Mimi nilikuwa nyuma ya watu, sikuona vizuri.

Jumapili, 5 Aprili

Imekwisha! Kila upande umechoka. Mchungaji Dabura, ambaye si wa kwetu wala wa kwao, amepita katikati na tawi la majani mabichi, na mishale imenyamaza. Jumatatu ya Pasaka tutakaa na Watobani. Wao wamezika watatu.

Kule nyumba ya wanaume habari ni moja tu: vita vya Tukaya. Tukaya na nguruwe wake. Mzee alikuwa na hasira, hakushikika. Ekeya anasema yeye tangu mwanzo alishauri mahakama. Ekeya! Nikacheka. Akanitazama, "Au vipi, mwalimu? Ulikuwepo." Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa chenyewe ndicho kilichoitikia, mimi nilikuwa natafuna muwa.

Ila kusema kweli moyo mwepesi! Nimelala usingizi wa kwanza tangu Hubi. Shule inafunguliwa tarehe ishirini.

Alhamisi, 9 Aprili

Mjomba kaja. Kaja na viazi, kama vile mimi ndiye mwenye msiba. Kakaa kwenye gogo la nje.

Kasema Watobani wanataka nguruwe tisini, thelathini kwa kila kichwa. Kwake wamebaki kumi na mmoja. Mbele ya Watobani huwezi kusema sina. Watachukua shamba, na shamba lisipotosha watamchukua yeye. Kalisema hilo huku akimenya kiazi.

"Tungegawana, ukoo mzima, ingekuwa nguruwe mmoja kwa nyumba mbili au tatu," kasema. "Lakini kila ninayemuuliza siku ile hakuwepo. Uwanja ulikuwa mtupu, mpwa wangu. Nilijihutubia mwenyewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kisha, "Wewe huandika. Tangu chuoni unaandika. Siku ile uliandika?"

Daftari hili lilikuwa chini ya paja langu. Nikasema, "Sikumbuki, mjomba."

Aliuza nguruwe watatu nisome chuo cha ualimu. Watatu wakubwa. Aliwapeleka mjini kwa miguu, siku mbili. Hakunikumbusha. Kanipa kiazi kilichomenywa, kaondoka.

Wanili alikuwa akipanga mawe ya moto shimoni apikie viazi. Kasema mwandishi asiyekumbuka, haya makubwa. Nikamwambia hajui mambo ya wanaume. Kasema anajua mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na leo anaona unakoelekea. Nimeshindwa kula. Naona haya hata kuandika.

Lakini nikisoma ule ukurasa, shina ni nani? Si mimi? Nina nguruwe watano na watoto wawili.

Jumatatu, 13 Aprili

Uwanjani. Naandika gotini. Watu ni wengi kuliko siku ile! Watobani wamekaa upande wa juu, bunduki wamezifunika majani ya migomba kana kwamba hatuzijui. Sisi upande wa chini. Wanawake nyuma ya ua. Katikati Mjomba, peke yake, amekaa ardhini.



Mchungaji Dabura kauliza: siku ya kuamua vita, nani alisema nini? Ekeya kasimama kabla swali halijaisha. Tukaya, kasema, Tukaya peke yake, sisi tulimfuata kwa heshima. Mchungaji kauliza kama ni kweli. Watu mia mbili wakasema kweli. Nimewaona midomo. Niliowaona wakigonga pinde, wote, mmoja mmoja.

Na mdomo wangu nao ulifunguka. Sijui kama sauti ilitoka.

Mchungaji kauliza kama yupo mwenye neno tofauti. Mjomba hakugeuka kunitazama. Angegeuka ningeweza kumchukia.

Mzee wa Watobani kainuka, kashika shoka, anaelekea kwa

— Wanili! Wanili ameruka ua. Mwanamke hakanyagi uwanja huu, tangu enzi za mababu, na yeye amepita katikati ya wanaume na matope miguuni. Ekeya anamfokea arudi jikoni. Anamjibu, "Shemeji, jikoni ndiko nilikosikia kila kitu, sauti zenu hazina mlango." Watobani wanacheka! Mzee mwenye shoka amesimama.

Anasema, "Mchungaji, mwulize mume wangu anaandika nini toka asubuhi. Na alipoanza aliandika nini."

Kicheko kimekatika. Watu wote wamenigeukia. Ekeya ananitikisia kichwa, anauma mdomo: funga, funga. Mjomba naye sasa amegeuka. Hana hasira. Ni yale macho ya siku ile, kabla hajasema "Haya. Twendeni."

Ukurasa wa kwanza nimeushika. Nimeuchana mpaka nusu, umeshikwa na uzi. Sijui nilianza lini kuuchana.

Mchungaji anakuja. Anaruka miguu ya watu, anaomba radhi, anakuja. Amefika. Kivuli chake kiko hapa kwenye karatasi.

"Tusomee, mwalimu," anasema. "Anzia mwanzo."

Namwambia ngoja nimalize kuandika. Anasema atangoja. Watu wote wanangoja, nasikia hata nguruwe wakiguna kule kambani. Nikiacha kuandika itabidi nisome, kwa hiyo naandika. Naandika tu. Ila huu ndio ukurasa wa mwisho wa daftari, na imebaki mistari miwili.

Sasa mmoja.