Yona ameacha ngumi
Nchelenge, siku ya tano ya juma

Mutoto wangu ameacha ngumi! Yona, shampioni mwenyewe, mwenye picha yake imebandikwa hata kwenye kambi za samaki za Chisenga. Amenipigia simu leo nikiwa sokoni, mikono yote imejaa magamba.

"Mama, dokta amesema jicho la kushoto linaanza kufa. Ile mechi ya Lusaka sipigane. Batu batasema nimeogopa."

"Baseme. Mi nilijua tangu Pasaka."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Nilikuona mezani, unatafuta mifupa ya samaki kwa vidole. Wewe, mutoto wa ziwa!"

Akacheka, halafu akalia. Na mi nikalia palepale, mbele ya batu. Jirani yangu wa meza ya samaki akashtuka: "Mama Shampioni, bamemupiga?"

"Hapana, dada. Anarudi muzima."

Kuitwa Mama Shampioni ni kutamu, sikatae. Nitalikosa hilo jina. Lakini kila siku ya mechi nilikuwa ninajifungia chumbani na kuomba hadi magoti yaume, kisha natoka nje najidai: huyu wangu, nani atamuweza?

Na kama jicho la pili nalo... Hapana. Leo siandike hiyo.

Dada zake banaoishi Chienge nimebaita. Pasteri pia nimemuita, na yule jirani. Yona hatashuka basi peke yake kama mutu aliyeshindwa. Bote banakuja kumupokea kituoni siku ya Mungu, baada ya ibada.