Tulipozimikiwa na Gari Mtoni

Wangari dadangu,

Baridi ya Nyeri imepungua? Huku kaskazini mwa Australia jua linachoma hata kivulini. Jana niliendesha gari kwenda kijiji cha Waaborijini, wenyeji asilia wa nchi hii, nilikopewa kazi ya uuguzi. Barabara inapita ndani ya mto, na katikati ya maji gari likazima. Nikafungua mlango nishuke kusukuma, vile tunafanya kwenye matope ya kwetu. Mama mmoja wa kijiji hicho, niliyempa lifti, akanivuta mkono.

"Funga! Tazama pale."

Mamba mrefu kama gari letu alikuwa akiteleza kutoka ukingoni, akazama. Nikaufunga mlango, Wangari. Nikajaribu kuwasha, likakataa.

"Jaribu tena," akasema, bila haraka.

Nikaomba Mungu, nikajaribu mpaka likanguruma, tukatoka.

Jioni wanakijiji walinilisha samaki aliyeokwa kwenye mchanga wa moto. Kilichokosekana ni mukimo tu, ule wetu wa viazi na mahindi ya kupondwa. Ati muuguzi aliyenitangulia aliuona ule mto akarudi mjini. Mimi asubuhi hii nimefungua zahanati, na wagonjwa wamejaa kwenye benchi.

Mama yetu alisema sitamaliza mwezi huku. Mwambie asinitandikie kitanda bado.

Nawapenda sana,
Nyambura