Msipulizie Kabla ya Ujumbe

Masasi, 3 Mei 2023

Mjomba wangu Lukmani,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na hicho kifua. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unakata kabla salamu hazijaisha, halafu unasingizia mtandao.

Bado niko kaunta ya huduma kwa wateja, kwenye lile duka la simu. Jana baba mmoja amenitukana matusi ya nguoni kisa laini yake imefungwa, nami natabasamu, namwambia pole kwa usumbufu. Nimechoka, Mjomba. Kutwa naomba radhi kwa makosa ya watu nisiowajua.

Lakini ile kompyuta uliyoninunulia haijalala. Nimetengeneza programu inayomtumia mkulima ujumbe wa siku ya kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya ugonjwa wa unga. Kampuni moja ya Dar imeipenda. Ikifanya vizuri msimu huu kwa wakulima wa kweli, wananiajiri niandike programu. Nitafutie wakulima hapo Chilangala.

Mpwa wako,
Shamsia

Chilangala, 15 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa nami naendelea, tumeshazoeana. Nimetangaza habari yako baada ya sala ya Ijumaa. Namba za majirani ziko nyuma ya karatasi hii. Hata Mama Fatu yumo, na unajua tangu afiwe na mumewe hana kingine ila mikorosho. Hamidu kauliza mtoto wa kaunta anajuaje mambo ya korosho. Nikamwambia nimemlea mimi. Akatoa namba yake.

Mjomba wako,
Lukmani

Masasi, 11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Habari za baridi ya huko? Hapa jua tu. Kila kitu tayari. Hali ya hewa nimechukua ya hapa Masasi, ya huko kwenu Newala sikuipata, nikaona si mbali. Ombi langu moja: waambie wasipulizie kabla ya ujumbe, hata mikono ikiwawasha. Wakipulizia kwa vichwa vyao, kampuni haitajua kama programu inafanya kazi.

Mpwa wako,
Shamsia

Masasi, 9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mbona kimya, unaumwa? Kompyuta inaonyesha ujumbe umemfikia kila mtu. Kampuni wamefurahi, wamesema kazi ni yangu, nami nimeacha kazi ya kaunta. Siku ya mwisho nilicheka peke yangu njia nzima. Nijibu basi, japo mstari mmoja.

Mpwa wako,
Shamsia

Chilangala, 30 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilikosa pa kuanzia.

Huku juu ukungu uliwahi mwaka huu. Maua yakaota unga mweupe na ujumbe haujaja. Mama Fatu alikuja na bomba mgongoni, akaniuliza, "Mzee Lukmani, nipulize?" Nikamwambia asubiri, mtoto anajua. Nami niliyaona maua kwa macho yangu, Shamsia, nikakuamini wewe. Ujumbe ulipofika yalishakuwa meusi. Mwaka huu hakuna korosho, kwake wala kwangu.

Walitaka kuja Masasi kukutafuta. Nimewaapia kwamba uliniandikia tupulizie mara tuonapo unga, mimi ndiye niliyewaficha kwa ubishi wangu. Hamidu haitikii tena salamu yangu. Hilo nitalibeba. Wewe shika kazi yako, usiseme neno.

Mjomba wako,
Lukmani

Masasi, 24 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Afya yako siijui, maana nilipokuja Chilangala hukunifungulia mlango.

Nilishindwa kunyamaza. Ijumaa nilisimama nje ya msikiti wenu nikasema yote, kwamba kosa ni langu, nilitumia hali ya hewa ya Masasi, nawe ulikuwa unanikinga. Kampuni nao nimewaambia, hawajaniandikia tena. Kwenye kaunta yangu amekaa mtu mwingine.

Sikufikiri kwamba nakufanya mwongo mbele ya watu uliosali nao miaka yote. Nilimsikia Hamidu akisema, "Kumbe Lukmani anaapa uongo." Naumia kwa hilo kuliko kazi.

Mama Fatu hakunitukana. Heri angenitukana, nimezoea. Aliniuliza tu, "Sasa tutakula nini, mwanangu?" Nikafungua mdomo, yakanitoka yale yale ya kaunta: pole kwa usumbufu. Alinitazama, akajitandia kanga yake, akaondoka.

Nisamehe.

Mpwa wako,
Shamsia

Masasi, 2 Novemba

Mjomba,

Shikamoo.

Husseni wa bodaboda anasema barua zangu unazipokea, unazisoma, unazitia mfukoni. Sikuombi barua ndefu. Mwambie tu yeye, ataniletea: marahaba.

Mpwa wako,
Shamsia