Chaja ya Jules kwenye ndoa ya Pascaline

Gentille, sijui nitarudi vipi kanisani.

Unakumbuka ile mikanda ya taa za LED tuliyofuata Lilongwe kwa ndoa ya Pascaline? Ni ya volti 12. Nilimwambia Jules, yule fundi wa masipika, achukue adapta ya volti 12, wati zake zizidi kidogo za taa. Akacheka: "Dada, hii chaja ya kompyuta inaingia vizuri."

Inaingia vizuri! Volti 19, Gentille! Na huyo njo fundi wetu.

Ziliwaka kama jua, kisha moshi, bibi harusi akiwa mlangoni. Jules akashika mikro: "Ni shetani, hapendi ndoa!" Bantu kanisani bakaanza kukemea. Kweli, kukemea!

Pascaline akanigeukia akilia: "We ulisoma umeme. Ni shetani?"

Nikachukua mikro kwa Jules.

Nikasema: "Hapana. Ni Jules."