Udongo Mweusi Kwenye Viatu vya Watalii

Sydney, Jumapili. Leo ni miaka sita tangu niondoke Goma.

Dada Furaha,

Pole na mvua za huko. Huyo pengwini wa kwenye picha niliyokutumia sikumwona mimi. Walimwona watalii waliorudi na meli yetu ndogo kutoka visiwa vya volkano. Mimi huwaoshea viatu bandarini, ili mbegu za kisiwa kimoja zisifike kingine. Jana brashi ilitoa udongo mweusi kama wa kwetu. Nikaushika, nikaunusa.

"Mkongo, siku hizi unanusa viatu?" akanicheka msimamizi wangu, Mkenya.

Nikaendelea kusugua. Mlipomzika mama, kila mtoto alitupa udongo kaburini isipokuwa mimi. Niliwaambia ninyi kwamba kazini wamenikatalia ruhusa ya kuja. Kweli ni kwamba sikuiomba. Nisamehe.

Wabusu watoto. Kaburi msilijengee saruji kwanza. Nafika Julai, nami nitupe udongo wangu.

Mdogo wako, Baraka