Viatu Vikavu

Bordesley Green, Birmingham
14 Juni 2025

Mama mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepunguza hasira. Sisi tu wazima, ila mimi silali vizuri, na sababu ni mwanao mkubwa.

Liban ameniandikisha safari bila kuniuliza. Mwezi ujao tunakwenda kaskazini kabisa mwa Norwe, kwenye hifadhi ya milima na barafu, kutembea kwa miguu na kikundi cha Onyango, yule nesi wa Kisumu anayekaa Perry Barr. Nilimuuliza, "Barafu ya hapa haijakutosha?" Akacheka, akaniita kwa lile jina lake la kunitania. "Karani, hii ya hapa ni ya friji. Mimi nataka ile ya kwenye atlasi ya darasa la sita."

Nimesoma maonyo yote ya hifadhi. Mito, nyufa, barafu inayokatika ghafla. Tena huko jua halizami majira haya, sijui hata tutaswali saa ngapi. Mama, mkataze. Mimi hanisikilizi.

Kwa kuwa masikio yako hayataki simu, nimemtumia Mubarik barua hii akupigie chapa dukani kwake.

Mwanao,
Salat

Isiolo
20 Juni 2025

Mwanangu Salat,

Waalaikumu salaam. Goti linauma linapotaka, alhamdulillahi. Wanafunzi wangu wa madrasa wanakusalimu. Hawakujui, lakini nimewaamuru.

Simkatazi. Baba yenu aliishi na hamu ya kuiona Maka, akafa nayo. Mwache kaka yako aone mlima wake, nawe uende naye. Onyango ni mtu mwema, lakini hatamwamsha Alfajiri.

Swala fuateni saa za Birmingham. Na udhu mnaujua. Nyinyi si watu wa kupapasa mawe huku mto unapita. Maji yakionekana, vumbi halina kazi. Wala msinisingizie baridi, wewe hasa. Baridi si ugonjwa. Niliwapeleka bombani asubuhi za Julai mkilia, na hakuna aliyekufa.

Mama yenu

Kibandani, Norwe
17 Julai 2025

Mama mpendwa,

Assalamu alaikum kutoka mahali pasipo na usiku. Jua linazunguka juu ya milima kama mbuzi aliyefungwa kamba. Miguu yangu ina malengelenge, mengine salama. Wewe je, umelala vizuri?

Barafu yenyewe imejaza bonde zima. Juu ni chafu, ndani ni ya buluu, na inalia. Nasema kweli. Inapasuka mahali usipopaona, halafu kimya. Chini yake unatoka mto wa kijivu kama maji ya saruji. Kiongozi wetu, mama mmoja wa huku asiyecheka, alituonyesha mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Kuvuka hapo ni marufuku, maana ukingo huanguka.

Leo Adhuhuri ilitukuta papo hapo. Maji ya chupa yalikuwa ya kunywa tu, hivyo nikafanya tayamamu kwa vumbi la jiwe, uso na mikono tu. Liban akanisimamia, mikono kiunoni.

"Mto unakupigia kelele wewe unapapasa jiwe? Nitamwambia Mama!"

"Mwambie. Mimi naogopa."

"Hata Mungu utamwambia apange foleni, karani. Sisi tumelelewa na bomba la Isiolo."

Akayapita mawe mekundu, akashuka. Alirudi anacheka, vidole havikunjiki. Kiongozi alimfokea mbele ya watu wote.

Kesho tunapumzika, kesho kutwa tunapita tena pale. Mama, nakuomba, mwandikie kwamba tayamamu inatosha. Neno lako tu ndilo litamrudisha nyuma. Mtandao upo hapa kibandani, nitakuwa nikitazama.

Mwanao,
Salat

Isiolo
20 Julai 2025

Salat na Liban, wanangu,

Waalaikumu salaam. Mubarik alifunga duka akaenda harusini Meru, barua nimeipata leo.

Liban, mama yako amesema papasa jiwe. Penye hatari sheria ina huruma, kuliko mimi. Nilikuwa nikiwatania kwa ukali kama zamani, nikasahau kwamba bomba halina barafu juu yake.

Salat, msomee hii kwa sauti. Akibisha, msomee tena.

Mama yenu

Bordesley Green, Birmingham
6 Agosti 2025

Mama,

Assalamu alaikum. Sijui niulizeje hali yako. Ami Abdullahi ameniambia ulipokea habari umekaa, na hukulia mbele ya watu.

Tumemzika Liban jana, baada ya karatasi za huko kuchelewa. Msikiti ulijaa. Onyango alisimama nje mvuani mpaka mwisho, akakataa mwavuli.

Uliniuliza kupitia Ami ilikuwaje. Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunatembea juu ya barafu, mbali na mto, akateleza akaanguka kwenye ufa. Barua yako ilifika mapema, Mama. Nilimsomea. Alicheka, akasema, "Mama amezeeka," akapapasa jiwe kama ulivyomwagiza. Alikufa ametii. Jua hivyo, na ulale.

Binamu Hibo anakuja huko, atakuletea mkoba wa Liban.

Mwanao,
Salat

Isiolo
2 Septemba 2025

Mwanangu Salat,

Waalaikumu salaam. Hii nimeiandika kwa mkono na Hibo ameipiga picha. Mubarik hajaiona.

Mkoba umefika. Nimetoa sweta, nimetoa tasbihi, nimetoa viatu. Vikavu. Kamba zimelegezwa vizuri, na soksi zimekunjwa ndani ya kiatu cha kulia, kama nilivyowafundisha bombani mkiwa wadogo ili zisilowe.

Mtu hatembei pekupeku juu ya barafu. Na tayamamu haigusi miguu, mwanangu. Hilo nimelifundisha miaka yote.

Wewe mwangalifu wa kila kitu, viatu vikakupita. Usijilaumu. Ulitaka nilale.

Nimeomba likizo madrasa. Watoto walifika kwenye somo la udhu, nikafunga kitabu.

Barua yangu haikumkuta, najua. Nakuuliza jambo moja tu, na safari hii usinihurumie. Alikuwa ameumaliza udhu?

Mama yako

Bordesley Green, Birmingham
11 Septemba 2025

Mama,

Assalamu alaikum.

Barua yako ilifika siku ya pili yake. Nilimsomea hata hivyo, kwa sauti, pale walipokuwa wamemlaza.

Nilikuwa juu, kwenye mawe mekundu, nikimwita. Aliinua mkono nisubiri. Kisha ukingo ukaanguka.

Alibakiza mguu wa kushoto.

Mwanao,
Salat