Mama Apande Meli Ipi?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijakosana kabisa na mdogo wangu, maana sasa hivi tunasalimiana shingo upande. Mimi ni msusi, yeye ni fundi wa friji, na tangu mama yetu astaafu tumekuwa tukichanga kidogo kidogo ili mimi na mama tupande meli ya kitalii, mama ambaye maisha yake yote ya kazi alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli kwenye chumba cha chini kabisa cha jengo, joto, mvuke, taa inawaka mchana kutwa, akatusomesha sote wawili kwa pasi ile na sijawahi kumsikia akilalamika, akirudi nyumbani anafungua pazia kwanza ndipo avue viatu, na sasa magoti yameanza kumsumbua, tunajua safari hii hairudiwi.

Mimi nimeipenda meli kubwa, mshauri ukiiona utashika mdomo, ina maghorofa kama mtaa mzima, mabwawa, ukumbi wa muziki, kila asubuhi mnaamkia bandari mpya, na kwa fedha yetu tunapata chumba cha ndani, katikati ya meli. Mdogo wangu kang'ang'ania meli ndogo ya zamani, bandari mbili tu, siku nyingine zote maji matupu, eti kwa bei ileile tunapata chumba cha pembeni. Nikamwambia, "Yaani mama aliyetulea umpandishe kitu kama kivuko?" Akanijibu, "Wewe dada unatafuta picha za kuwaringishia wateja wako." Iliniuma, kwa kuwa si uongo wote.

Tukampelekea mama picha. Akaitazama ile kubwa, akasema, "Jamani, kumbe vitu hivi vipo!" Kisha akauliza chumba chetu kiko upande gani, nikamwonyesha, nikamwambia huko ndani ndiko kwenye utulivu, hakuna jua la kumwamsha. Akanirudishia picha, akasema, "Haya mwanangu, si kulala tu? Nimezoea." Basi nikajua amekubali, ila mdogo wangu kanuna, na wakala wa safari anataka jibu Ijumaa. Nani ana haki hapa?

Msusi wa Kona

Msusi wa Kona, kwanza pokea pongezi zangu, wewe na huyo fundi friji. Wengi huwakumbuka wazazi wao kwenye hotuba ya mazishi. Nyinyi mmemkumbuka wenu angali anacheka. Na mama mwenyewe, hata sijamwona, tayari nampenda.

Sasa kaa chini nikuseme. Barua umeiandika vizuri, halafu hukuisoma. Mama kazeekea chini ya jengo, taa mchana kutwa, akifika nyumbani analikimbilia pazia, na wewe unataka kumlaza tena kwenye chumba kisicho na dirisha, tena umlipie! "Nimezoea" si kukubali, binti yangu. Hapo mama alikusamehe kabla hujajua kosa lako. Nilipofika kwenye neno hilo nilivua miwani.

Meli yako kubwa ni nzuri, sikatai, kwa mwenye magoti yake. Bandari mpya kila asubuhi maana yake ngazi na foleni kila asubuhi, na pengine kushushwa kwa boti ndogo. Hicho unachokiita kivuko kitamwacha akae. Na hayo maji matupu, mama yako hajapata siku hata moja ya kuyatazama bila kazi mkononi.

Kwa hiyo mpigie mdogo wako leo, umwombe radhi, anza wewe uliye mkubwa. Kisha mbane wakala: meli ndogo ina lifti? Inafunga gatini? Chakula kimo kwenye bei, au kuna malipo mengine yanawasubiri ndani? Na dirisha lione bahari, kwani mengine huzibwa na boti za kuokolea watu. Akikwepa swali hilo, usimpe hata senti.

Siku mtakayopanda, usimkimbize mama ukumbini wala bwawani. Mfungulie mlango wa chumba, ukae pembeni, umwache afungue pazia kwa mkono wake. Viatu atavua baadaye.